Nilimsahau Mdogo Wangu Katika Dua ya Witri

Mshauri wangu,

Salamu zangu zipokee, na kama una chai mkononi iweke chini kwanza, kwa sababu mimi si mtu wa kuandika barua za magazetini, huwa nazisoma nikisubiri gundi ikauke na nawacheka wanaoziandika, na leo nimekaa juu ya rundo la sponji nakuandikia wewe, naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, maana ukiisha ushauri wako hautanifaa tena.

Mimi ni fundi makochi. Sikuachiwa karakana na mtu. Nilianza kwa kushona mito ya viti sebuleni kwa mama yangu kwa cherehani ya kuazima, leo nina karakana yenye mlango wa chuma na mafundi wanaonisubiri niwaambie la kufanya, na wananiita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwangu, hata harusini nimewahi kwenda nayo kwa kusahau. Nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijamaliza kusalimia nimeshajua kochi lake lina upana gani. Kochi la watu watatu, fundi mwingine atakwambia lete mita nane za kitambaa, mimi nakata saba na maua yanakutana mshononi kama yamechapwa palepale. Sisemi haya kwa kujigamba. Nataka ujue ni nani anakuandikia: mtu wa vipimo, asiyeamini kitu mpaka akivutie futi.

Sasa. Nina mdogo wangu wa kike, wa mwisho kwetu, tunamwita Kitinda. Kazi nimemfundisha mimi, toka kupitisha uzi kwenye tundu la sindano mpaka kufunga springi zisilie mtu akikaa. Na kipaji anacho, sitamdhulumu, akivuta kitambaa kwenye kona ya kochi kinatulia kama kilizaliwa hapo. Tuligawana: mimi kupima, kukata na kuongea na wateja, yeye kuvuta na kukaza, stepla mkononi asubuhi mpaka jioni. Miezi ile ya mwisho ikifika jioni alikuwa anakung'uta mkono wa kulia kama mtu anayekausha maji, eti vidole vimekufa ganzi, nami namwambia, "Ganzi ya uvivu hiyo, malizia kochi la watu," tunacheka. Au mimi nilikuwa nacheka.

Siku moja akaja mama mwenye saluni kuangalia viti vyake, akavizunguka, akavibonyeza, akafurahi, akaniambia, "Mama Futi, hongera, una mikono." Kitinda alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti, misumari midomoni. Akaitema kiganjani. Akasema, mbele ya mteja na mbele ya mafundi wangu:

"Mikono ni mimi, mama. Dada ni futi tu."

Wakacheka. Mteja akacheka, mafundi wakacheka, mpaka yule wa mbao ambaye huwa hacheki akageukia ukutani mabega yanamtetemeka. Mshauri, miaka yote ile, kubeba sponji kichwani kwenye jua kwa sababu hakuna wa kunibebea, kulala na harufu ya gundi, kusomesha mtoto huyohuyo, halafu mimi ni futi. Nikamwambia, "Haya, mikono, toka nje tuone kama itakupimia." Akatoka. Wala hakuchelewa kufungua karakana yake, tena wapi, ng'ambo ya barabara, mlango unatazamana na wangu, akamchukua na yule fundi wangu wa mbao, na kibao chake kachorewa na mchoraji aliyenichorea mimi, kwa rangi ileile. Kila nikiinua uso kutoka kwenye meza ya kukatia nauona mgongo wake.

Usingizi ukanihama. Nilikuwa najilaza, namjibu. Majibu mazuri sana, ambayo siku ile hayakunijia. Mume wangu ni fundi wa mafriji, akaniambia, "Mama watoto, unanguruma kuliko friji bovu, na friji angalau lina swichi." Mama yangu, ambaye tunaishi naye, akanikuta jikoni alfajiri moja macho mekundu, nimeegemea sinki.

"Isha unaiswali saa ngapi?" akaniuliza.

"Ikinikuta naiswali, Mama."

"Ikikukuta! Kwani ni mvua?"

Nikafungua bomba, nikanawa uso.

"Isha iswali kwa wakati wake," akasema. "Kazi zako zikiisha, tia udhu upya, swali witri, iwe neno la mwisho la siku yako. Ukung'ute ukingo wa kitanda, ulalie ubavu wa kulia, umkabidhi roho Mwenyewe. Ila usimkabidhi huku umeshika pindo."

"Nitajuaje kama inafanya kazi?"

"Utalala, mjinga wewe."

Nikaipokea kama ninavyopokea oda. Isha, udhu, witri, kitanda, ubavu. Lakini Mama hakunipangia niombe nini nikishatoa salamu, na hapo ndipo nilipoongeza langu. Nilikuwa nabaki juu ya msala, nainua mikono, namsifu Mola haraka haraka, namtakia rehema Mtume, halafu naanza kumshtaki Kitinda. Sikutukana. Nilipanga maneno yangu vizuri kama mtu aliye mbele ya hakimu, nikieleza nilivyomlea na alivyonilipa, na mwisho nafunga kwa ombi lilelile: Ya Rabi, ile mikono anayojivunia, mwonyeshe kwamba si yake. Amina, najipangusa uso, nakung'uta kitanda, nalala kama gunia. Nilipoona nalala nikajua ndiyo dawa, nikawa siachi. Mashtaka, amina, usingizi. Mume wangu akasema friji limepona.

Sasa sikiliza, Mshauri, hapa ndipo ninapotaka msaada, na sijui kama nitaweza kuieleza.

Ulikuwa usiku wa kawaida tu. Sikuwa mgonjwa, sikuwa nimefunga, sikuwa na huzuni, nilikuwa nimekata kitambaa cha zulia siku nzima na kiuno kinaniuma. Nikaswali, nikatoa salamu, nikainua mikono, nikaanza zile sifa tunazozipitia mbio ili tufike kwenye haja zetu, na macho yangu yakaangukia viganja. Taa ya korido ilikuwa inaingia kwa ubavu kupitia mlangoni. Nikaviangalia jinsi ninavyoangalia kazi ya fundi mwingine, kwa jicho la kutafuta kosa. Ngozi imezunguka kidole gumba, ikapanda, ikashuka katikati ya vidole, imekunjika pale panapokunjwa na kunyooka pale pa kunyooka, haijavutika popote, haijajikusanya popote, na ndani yake kuna mifupa na mishipa na damu inayotembea bila mimi kuiambia tembea. Nikatafuta mshono. Ninavyoandika nacheka, lakini wakati ule sikucheka, nilitafuta mshono kwelikweli, nikageuza mkono nyuma, nikatafuta pa kuanzia na pa kufungia, kwa sababu kila kilichovikwa kitu kina mahali kilipofungwa, hiyo ndiyo riziki yangu, nipe kiti cha mfalme nitakuonyesha fundi wake alipouficha. Sikuuona. Mikono hii nimeamka nayo kila siku ya maisha yangu, nimeosha nayo vyombo, nimechapa nayo watoto, sikuwahi kuiangalia hata mara moja.

Mwili ukanisisimka mpaka utosini. Na katika kule kutetemeka nikaanza kuisikia nyumba. Mume wangu anavuta pumzi, anaishusha. Watoto chumba cha pili, mmoja kapiga teke ukuta. Mama akakohoa kidogo, akatulia. Nikafikiri, hawa wote wameshakabidhi. Kila mmoja kaiacha roho yake kama mtu anavyoacha viatu mlangoni, hakuna aliyeomba risiti, na yuko Mmoja kazishika zote, za nyumba hii na ya jirani na za mtaa mzima na za miji ambayo sitaiona, na wala hazichanganyi. Mshauri, mimi nikipokea mito ya wateja wawili kwa siku moja lazima niitie alama ya chaki na bado nimewahi kukosea. Huyu anazishika zote kwa pamoja, za wafalme na za wezi na za vichanga, na kunapokucha kila moja inarudi kwa mwenyewe. Haijatokea mume wangu akaamka na roho ya jirani. Na ile asiyoirudisha haikupotea, kaiweka kwa kujua.

Nikataka kupima. Ndiyo tabia yangu, nikataka kujiambia ukubwa wake ni kiasi gani, mara ngapi ya nini, na kila nilichokishika cha kupimia kikawa chenyewe kimo mkononi mwake. Nikaogopa, lakini hofu ambayo hutaki ikuachie. Nimewahi kuingia ukumbi mkubwa nikasema loo, lakini kule unajua ukuta uko wapi. Hapa nilikuwa kwenye kibaraza kidogo baina ya chumba na bafu, magoti juu ya msala uliochakaa, na sikuuona ukuta. Sijui nilikaa muda gani. Nikasikia uso wangu umelowa. Nikainuka, nikakung'uta kitanda, nikalala ubavu wa kulia, na nilipoyasema yale maneno ya kukabidhi roho, kwa mara ya kwanza nilikuwa naikabidhi kweli, nikaiachia kama mtu anayeshusha mzigo kwenye mikono ya mtu mwenye nguvu, na sikumbuki kilichofuata mpaka adhana.

Nikaenda kutia udhu. Nimefika kwenye kuosha mkono wa kulia, nikasimama maji yanamwagika. Sijamshtaki Kitinda. Nimemsahau kabisa.

Unajua nilihisi nini? Nilikasirika. Nilihisi nimeingiliwa ndani na kuchukuliwa kitu. Ile ni haki yangu, nimedhulumiwa mimi, mashahidi wapo, nani kaniambia nimesamehe? Usiku uliofuata nikakaa kwenye msala kwa makusudi, nikaanza, Ya Rabi, ile mikono... ulimi ukakwama. Naiona mikono yake nayo haina mshono. Nikajaribu tena na tena, sikuweza kumaliza. Na usingizi unanijia bila mashtaka, mtamu kuliko ule wa kwanza, na kila usiku nakaa pale nashangaa tu kama mtu aliyefunguliwa mlango akasahau alikuja kuomba nini.

Ningeishia hapo nisingekuandikia. Ila juzi Mama kavuka barabara kwenda kwa Kitinda, karudi, kasimama mbele ya meza yangu hajavua hata mtandio.

"Mdogo wako anapasuliwa mkono mwisho wa mwezi. Wa kulia. Mshipa wa fahamu umebanwa hapa kwenye kifundo, hashiki hata sindano. Na daktari hakumhakikishia kama utarudi kama zamani."

Nikaendelea kukata kitambaa.

"Kanituma kwako."

"Anataka nini?"

"Kasema, 'Mwambie Dada aniombee. Nasikia siku hizi anaswali.'"

Mkasi ukaniponyoka, ukaanguka karibu na mguu wake. Mama akaniangalia usoni muda mrefu. "Una nini wewe?" Nikamwambia kiuno.

Mshauri, niambie. Ule mkono niliuomba mimi? Maana niliomba aonyeshwe si yake, na sasa si wake kweli, haumtii. Na kama nimemsamehe kwa kusahau, mbona bado nikiuona mgongo wake kifua kinabana? Nikienda, mtaa utasema Mama Futi kakubali kwamba yeye ni futi. Nisipoenda, nitakaaje kwenye msala? Na nikienda nimwambie niliyoyasema usiku, au nife nayo? Yeye anataka nimwinulie mikono ileile. Usiku ndiyo mahali pekee nilipopata pa kupumzikia, naogopa nitapapoteza.

Mimi,
Mama Futi

*

JIBU

Mama Futi,

Barua yako nimeipandisha juu ya nyingine zote, na wenye ndoa zao watanisamehe wiki hii. Pale ulipotafuta mshono niliiweka chini nikaviangalia viganja vyangu mwenyewe, hapa mezani, mpaka mhariri akaniuliza kama nimeumia. Mimi si shehe, na hukumu za dini utamuuliza mwenye elimu. Lakini nimesoma barua za watu miaka mingi, na kukutana na kitu kama hicho ulichokiona, tena kwenye kibaraza kidogo karibu na bafu, ni bahati ambayo wengine wanaitafuta safari nzima. Kwa hilo nakuonea wivu.

Sasa kaa vizuri nikusute.

Unaniuliza kama uliuomba wewe ule mkono. Wewe mwanamke! Umetoka kunieleza Mola anayeshika roho za dunia nzima bila kuchanganya hata moja, halafu ukurasa unaofuata umemfanya fundi wako, umempa vipimo vya hasira na yeye akakata kama ulivyochora kwa chaki? Chagua ni yupi kati ya hao wawili uliyekaa mbele yake. Ombi lako hata hivyo silioni kama lilipotea. Uliomba mtu aonyeshwe kwamba mikono anayojivunia si yake. Akaonyeshwa. Ni wewe, ulikuwa umekaa juu ya msala wako usiku wa kawaida, kiuno kinakuuma.

Kinachopaswa kukukosesha usingizi kipo kwenye barua yako, umekiandika kwa mkono wako na kukipita kama mtu anayepita jirani asiyempenda. Mdogo wako alikuwa anakung'uta mkono kila jioni akiwa bado kwako. Vidole vimekufa ganzi, akakwambia. Wewe ukamwambia uvivu, malizia kochi la watu. Mkono ule uliugulia karakanani kwako, stepla asubuhi mpaka jioni, mbele ya macho yako yanayoona upana wa kochi kabla ya salamu. Mimi si daktari, lakini sihitaji daktari kunisomea hilo. Unatetemeka kwa ajili ya maneno uliyoyanong'ona gizani, na yale uliyoyasema mchana kweupe akayasikia, hayo umeyatolea kicheko.

Haki yako siikatai. Alikudhalilisha mbele ya mteja, tena wewe uliyemlea, na kumchukua fundi wako wa mbao ni ukosefu wa adabu. Lakini na wewe usiniambie aliondoka. Ulimfukuza, nimesoma maneno yenyewe. Kila mmoja wenu ana la kumwambia mwenzake, na mtaambizana, kwa sauti mkipenda, mkono ukishapona, mchana, Mama yenu akiwepo wa kuwatenganisha. Aliyedhulumiwa kumlilia Mola wake hakukatazwa. Ila wewe ulikuwa unapeleka kwa Mola kesi ambayo hujawahi kuivusha barabara.

Na hapana, hujamsamehe. Kusahau usiku mmoja si kusamehe, ndiyo maana kifua bado kinabana. Ulipumzishwa. Ulishushiwa mzigo kwa muda ili ujue uzito wake, wewe mtu wa vipimo, na sasa unaujua. Kusamehe bado kunakusubiri, na ni kazi ya kukusudia, kama kazi nyingine zote ulizozifanya peke yako bila kuachiwa na mtu. Huo usiku unaoogopa kuupoteza hautapotea kwa kuvuka barabara. Hukuununua kwa ile hasira. Ulipewa usiku ule ulipoisahau.

Mtaa utasema nini? Mtaa umekuwa ukisema toka siku ya mama wa saluni na wewe bado unakata mita saba. Waache.

Fanya hivi. Leo hii, kabla hujapiga simu wala kumtuma mtu, mwombee. Ameomba, nawe unaweza. Mikono ni ileile, hakuna aliye na mingine ya akiba. Maneno yakikwama taja jina lake tu, na utubu kwa yale uliyoyasema kwa Yule uliyemwambia. Kitinda usimwambie. Najua utaniuliza kwa nini, maana wewe unapenda mambo yawe wazi mezani: kwa sababu mtu anayekwenda kupasuliwa mkono haongezewi hofu ili dada yake apate kuhema. Hilo ni lako na Mola wako, libebe kimya.

La kumwambia ni lingine. Jioni ya kuamkia upasuaji nenda kwake na Mama. Futi iache nyumbani. Usiangalie makochi yake, na ukiyaangalia usiseme kitu. Kaa karibu naye upande wa ule mkono, umwambie, "Mkono ulikuwa unakuuma ukiwa kwangu, nikakuona, nikakuita mvivu. Nisamehe." Usiongeze "lakini." Najua "lakini" yako itakuwa nzuri sana na umeiandaa kwa miezi, imeze. Akilia, mwache alie. Akikujibu kwa ukali, ana haki. Akikukumbatia usimpige mgongoni upesi upesi kama mtu anayemaliza kazi.

Ikifika Isha, mmiminie maji atie udhu, kwa sababu mkono mmoja haumtii na bomba halishikiki. Mmiminie taratibu. Swalini. Kisha msivunje kikao haraka, ufanye kama ulivyonieleza, ubaki juu ya msala, na safari hii wewe usianze. Mwache ainue mikono yake, ule mzima na ule mbovu, aombe yeye.

Atanong'ona. Hutasikia vizuri, na usitege sikio. Huenda anaomba mkono wake. Huenda anakushtaki wewe. Itikia amina.

Mshauri